Hii Ni Nini ya Mtu?

Mwalimu alikuwa akiingia darasani na kitu mkononi, kila siku kitu kingine: jembe, chungu, mwiko, kiatu kimoja. Anakiinua juu, anatutazama kama anayetafuta mwizi kati yetu, halafu anauliza, "Hii ni nini ya mtu?"

Tukazoea. Jembe ni kucha. Chungu ni viganja viwili vilivyounganishwa. Mwiko ni kidole kisichoungua. Baiskeli, ambayo aliiingiza darasani na matope yake yote, ni miguu. Siku aliyoleta kitabu tulikwama, mpaka mvulana wa dawati la mbele, jina lake Wanjala, akanyoosha mkono akasema kitabu ni kumbukumbu ya mtu iliyotolewa nje ya kichwa. Mwalimu alivua miwani akaifuta. Hiyo ndiyo ilikuwa dalili yake ya furaha.

Wanjala huyo ndiye mume wangu. Ninapoandika haya yuko kambini nyuma ya seng'enge kwa sababu ya tundu moja kwenye kadi, na kadi hiyo iliingizwa kwenye mashine na mikono ya Mwalimu. Kwa hiyo msitarajie niandike kwa upole. Alikozaliwa Mwalimu na ukoo wake waulizeni wengine. Mimi nasema alivyokuwa.

Imani yake ilikuwa kwamba binadamu bado anaumbwa, na kwamba siku hizi anajiumba mwenyewe. Habari hiyo ilifika kwa wazee wa kanisa, wakaja shuleni na kofia mikononi kumwuliza kama ni kweli anafundisha watoto kwamba babu zao ni nyani. Mwalimu, ambaye Jumapili ndiye aliyeongoza nyimbo, aliwakaribisha vizuri. Walipokwisha kukaa akasema, "Wazee wangu, nyani ana sugu makalioni ya kukalia mawe. Yenu iko wapi?"

Wazee wakatazamana.

"Mmeikalia," akasema, akionyesha viti. "Tuliitoa mwilini, seremala akaitia miguu minne."

Mmoja alicheka mpaka akakohoa. Mwingine alikasirika, na tangu siku hiyo akawa anakaa kwenye benchi la kanisa polepole sana, kama mtu anayekagua.

Sisi watoto tulicheka pia, lakini mwisho wa somo lile ulikuwa ukinitia baridi. Alisema kila tunachokitoa mwilini, mwili unakisahau. Manyoya tuliyapa nguo, yakatutoka. Kumbukumbu tukaipa kalamu, na bibi aliyekuwa akikariri majina ya wafu wa kijiji kizima hana mjukuu anayeweza. Siku moja, alisema, mtu atachoka hata kuamua. Ataunda kitu kiamue badala yake, na hicho kitakuwa kitinda mimba wetu, kitatupita kama sisi tulivyompita nyani. Aliyasema hayo kwa uso wa baba anayengoja mkewe ajifungue.

"Na sisi, Mwalimu?" Wanjala aliuliza. "Sisi tutafanya nini?"

"Tutapumzika."

Nilimwuliza mama nyumbani kama nyani wanapumzika. Akaniambia nikachote maji.

Mtu huyu mwenye mawazo mapana kiasi hicho alikuwa na fimbo nyembamba, na kazi kubwa ya fimbo ile ilikuwa herufi moja. Sisi Wabukusu, katika Waluhya wote, ulimi wetu hauipendi b. Kwetu baba ni papa, bwana ni pwana, dawa ni tawa, gari ni kari. Mwalimu mwenyewe ni wa kwetu, lakini p yake alikwisha kuing'oa zamani, na sasa alikuwa anang'oa za wengine. Alikuwa anashika kipande cha karatasi nyembamba mbele ya midomo yako. Unasema "baba." Karatasi ikipepea, umesema papa, na fimbo inashuka. Ikitulia, umepona.

"Mtakwenda Nairobi," alikuwa akisema, "mkifungua kinywa tu watu wacheke. Mimi nataka mtu aseme na asijulikane katoka wapi. Huyo ndiye mtu wa kesho."

Mimi nilipigwa sana na sikupona. Nilifika hadi sekondari na p yangu, na hata sasa nikikasirika inatoka kama mvua ya mawe. Wanjala alipona. Alikuwa fahari ya shule. Mbele ya midomo yake karatasi ilisimama kama imebandikwa ukutani, na Mwalimu alikuwa akiwaita walimu wengine waje wasikie.

Miaka ikapita. Niliolewa na Wanjala, tukaja Nairobi, yeye akawa karani kwenye duka la mbao mjini. Mimi na sekondari yangu nikapata kazi ya yaya kwa Wazungu huku Kileleshwa, kwa kuwa kazi hiyo ilikuja na chumba, na mjini vyumba hakuna. Huko ndiko Mwalimu alikotufuata Jumapili moja, na mwavuli wake, ingawa kulikuwa hakuna dalili ya mvua. Alikuwa ameacha ualimu. Alikuwa ameajiriwa katika ofisi moja katikati ya mji, kulikokuwa na mashine ya kuchambua kadi.

Tangu hapo akawa anakuja kila Jumapili baada ya kanisa. Binti yetu Nekesa alipozaliwa, alimbeba kabla ya babu zake wote, na mtoto alipoanza kuongea akamwita Kuka, kama anavyoitwa babu kwetu. Anakunywa chai, anakaa akitazama mlango, anaieleza ile mashine. Nasema kweli, hakuna bwana harusi aliyemsifu bibi harusi namna ile.

"Haina macho," anasema. "Ina vidole. Vidole vya nyaya, vidogo kama nywele za brashi. Kadi inapita, vidole vinaipapasa, vikikuta tundu mashine imejua. Huyu hapa, yule pale. Sanduku hili, sanduku lile. Mtu anameza mate mara moja, yenyewe imekwisha kuamua habari za watu chungu nzima."

"Mwalimu," Wanjala anamtania, "hii ni nini ya mtu?"

Anavua miwani, anaifuta. "Unajua jibu. Wewe ndiye uliyekuwa dawati la mbele."

Lakini mtu huyohuyo hakupanda lifti hata siku moja. Ofisi yao ilikuwa juu kabisa, naye alipanda ngazi asubuhi na jioni, na mwavuli wake, akihema. Nilipomcheka aliniambia lifti ni sanduku, na yeye anajua masanduku yanavyofanya kazi.

Kulikuwa pia na zile punje. Kadi zikitobolewa hutoa punje za karatasi, ndogo kuliko mchele, na Mwalimu alikuja nazo kwenye mapindo ya suruali, kwenye nywele, hata kwenye masikio. Zilimwagika sakafuni kwangu kila alipokaa. Nekesa alikuwa akitambaa wakati huo na kila kitu kinakwenda mdomoni. Siku moja alishika punje, Mwalimu akaruka kutoka kitini, akamfumbua kiganja, akaitoa.

"Ni karatasi tu," nikasema.

"Kila moja ni jambo la mtu," akasema. "Kabila lake. Umri wake. Kazi yake. Anapolala."

"Basi unanimwagia watu sakafuni, na mwenye ufagio ni mimi."

Hakucheka. Alipiga magoti akaziokota zote akazitia mfukoni. Nikamwuliza, huko ofisini mnachambua nini hasa. Akasema watu. Nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Kwa mafungu," akaomba chai nyingine.

Hali ya Hatari ilikuwa imekwisha kutangazwa. Kila mtu Nairobi alijua watu walikuwa wanagawanywa kwa mafungu, na Wakikuyu wanapelekwa kambini. Yaya wa nyumba ya jirani, Mkikuyu, dada mpole aliyenifundisha kumfunga mtoto mgongoni bila kumbana miguu, alichukuliwa mchana tukimwona, sufuria yake ikabaki jikoni na chakula ndani. Nilimwambia Mwalimu habari zake. Alitazama mlango.

Siku moja nilipotumwa mjini na memsaab, nilipita kwa makusudi chini ya madirisha ya ile ofisi. Niliisikia kabla ya kufika. Haikuwa kelele kubwa. Ilikuwa kama mtu anayechanganya karata, ila haachi, hapumui, hasemi neno na mwenzake. Watu walipita chini yake na mizigo yao wakizungumza. Nilimtoa Nekesa mgongoni nikamshika mbele, kifuani. Sijui kwa nini nilifanya hivyo.

Walimchukua Wanjala kutoka duka la mbao. Askari walikuja na karatasi, wakasoma majina, jina lake likawamo. Alicheka, akamwambia mwenzake ni kosa dogo, atarudi kabla ya chai. Mwenzake huyo ndiye aliyekuja Kileleshwa kuniambia, na kofia ya Wanjala mkononi.

Nilikwenda mbio kwa Mwalimu, nikamkuta mlangoni mwa ofisi anatoka. Nikamwambia, "Wamemchukua Wanjala."

Nitakayosema sasa sijawahi kumwambia mtu. Mtu huyu aliyekuwa akitaja majina ya wanafunzi wake wa miaka yote bila kusita, na nani alikaa nyuma ya nani, alinitazama kupitia miwani yake, akaniuliza, "Namba yake ngapi?"

"Wanjala!" nikapiga kelele. "Wanjala wako! Dawati la mbele!"

Niliona jina likimfikia. Lilimfikia polepole, kama mtu anayepanda ngazi.

Kilichotokea alinieleza mwenyewe. Kabla kadi hazijatobolewa, kuna karani anayesoma majina na kuandika kabila la mtu kwa tarakimu. Karani huyo aliona Wanj-, akakumbuka kina Wanjohi na kina Wanjau, akaandika Mkikuyu, akaendelea na jina linalofuata. Kwetu mtoto akizaliwa wakati wa njaa anaitwa Wanjala. Njaa ya mama mkwe wangu ikasomwa kuwa kabila la watu wengine. Baadaye kadi ikatobolewa, vidole vya nyaya vikapapasa, na kadi ikaanguka kwenye sanduku lake.

"Basi sema!" nikamwambia. "Wewe unamjua. Panda juu sasa hivi ukaseme!"

Akasema atasema. Mimi sikungoja. Nilikwenda hadi kule walikokuwa wanawazuia watu kabla ya kuwapeleka kambini, Nekesa mgongoni, nikapanga foleni ya wanawake. Nilipofika dirishani nilimwambia karani mume wangu si Mkikuyu, ni Mbukusu, jina ndilo limewakosesha. Nilikuwa na hasira, p zikaruka zote. "Pwana, mume wangu ni Mupukusu! Papa yake ni Mupukusu!"

Karani alikuwa Mkamba, mtu wa makamo, hakuwa mbaya. Alitabasamu. "Mama, wewe nakuamini hata usiku bila taa. Lakini huyo bwana yako nimeongea na yeye mwenyewe. Mimi masikio yangu ni ya Nairobi, Mluhya nikimsikia namjua kabla hajamaliza salamu. Huyo anaongea kama redio. Sikujua ni wa wapi. Nikaangalia kadi."

"Mumuulize kwa Kipukusu!"

"Nani hapa anajua Kibukusu, mama? Na mtu anaweza kujifunza." Aliinua mabega. "Kadi inasema."

Alimwona mume wangu kwa macho yake, akamsikia kwa masikio yake, halafu akauliza karatasi. Nilisimama pale nikaogopa kwa namna ambayo sikuwa nimeogopa askari wala bunduki, kwa sababu yule mtu alikuwa anapumzika. Mwalimu alikuwa ametuambia. Nilimwona mtu amepumzika.

Nikaanza kupiga kelele kwamba si mmoja wao, si mmoja wao, mpaka mwanamke aliyekuwa nyuma yangu akanigusa bega. Alikuwa ametoka Mutuini kwa miguu, viatu vimejaa vumbi jekundu. "Na kama angekuwa mmoja wetu?" akauliza. "Kadi ya wangu haijakosea. Mimi nikaseme nini dirishani?"

Nilitoka kwenye foleni, akasogea mahali pangu.

Mwalimu alikuja Jumapili. Hakukaa. Alisema alikwenda kwa bwana mkubwa wake, akamwambia, "Mtu huyu nilimfundisha mimi." Bwana mkubwa akauliza, "Tundu lipo au halipo?" Akasema, "Lipo." "Basi unaniambia nini?" Akarudi kwenye mashine.

"Ukarudi," nikasema.

"Bwana mkubwa hajakosea, na mashine haijakosea. Imepapasa kilichokuwepo." Na hapo, kwa uso ule, kwa sauti ileile ya darasani, akaongeza, "Haikosei kabisa, unajua."

Nilimmwagia chai. Haikuwa ya moto sana, namwomba Mungu msamaha kwa hilo tu, kwamba haikuwa ya moto sana. Alichukua mwavuli wake akaondoka akichuruzika chai, na Nekesa akalia akimwita Kuka.

Miezi ikapita bila kumwona. Wanjala alipelekwa kambi ya mbali. Mara moja niliruhusiwa kumwona, kupitia seng'enge, amekonda, na bado anasema Kiswahili kile cha kusafishwa. Aliniambia, "Hebu nieleze, mtoto anasema nini siku hizi?" Nikasema anasema mambo mengi. Muda ukaisha.

Mara ya mwisho kumwona Mwalimu ilikuwa asubuhi, barabarani hapahapa Kileleshwa. Nilikuwa nasukuma kigari cha mtoto wa memsaab, Nekesa ameshika sketi yangu. Mtu alitoka kwenye ua wa michongoma, nikadhani ni ombaomba. Alikuwa yeye, hana mwavuli. Nguo zilimning'inia. Alitazama nyuma, akatazama mbele, ndipo akasogea.

"Mama Nekesa, usipige kelele."

"Nina sababu gani ya kutopiga?"

"Nimeziba tundu."

Nikasimamisha kigari.

Alisema kwa haraka, kwa kunong'ona. Alingoja siku kadi za kambi zitakapopitishwa tena. Akaitafuta ya Wanjala kwa mikono. Akatoa punje mfukoni, moja ya zile zilizomwagika chumbani kwangu, akaipachika kwenye tundu la uongo, akailainisha kwa ukucha. Kisha akatoboa tundu lingine mahali pake, akairudisha kwenye mashine.

"Ikajua?" nikauliza.

"Ilipapasa. Vidole vikapita juu ya punje kama hakuna kitu. Ikamwangusha kwenye sanduku la Waluhya. Miaka yote hii nilidhani... Mtoto mdogo huwezi kumdanganya hivyo, Mama Nekesa. Mtoto angeuliza."

Nilitaka kucheka na nilitaka kumpiga. "Anarudi, basi?"

"Watamwita kwanza. Kadi imebadilika, lazima mtu amsikilize kwa masikio. Watamweka mbele ya karani, wamwambie aseme. Naye atasema vizuri. Atasema vizuri sana. Watanisikia mimi kinywani mwake."

Nilielewa, nikashika kigari kwa nguvu.

"Mwambie," akasema. "Ukiruhusiwa kumwona, mwambie aseme alivyokuwa anasema kabla sijamshika. Mwambie ni mimi nimemruhusu."

"Amesahau, Mwalimu. Ulimpiga miaka mingapi? Amesahau."

Aliinua mkono hadi masikioni, akashika ncha ya sikio kama anayetafuta punje. Nilimwuliza kwa nini anatazama nyuma hivyo. Akasema yeye pia ana kadi. Siku hizi huiona ikipita. Anaijua kwa kona yake iliyokunjika, na kila inapopita hana hakika itaanguka wapi, na bado ndiye anayeiingiza.

Nekesa alikuwa anamkazia macho. Alimtambua taratibu. "Kuka," akasema, halafu, kwa kuwa anapenda kuonyesha anachokijua, akanyoosha kidole upande wa mjini, baba yake alikochukuliwa, akasema kwa sauti safi ya Kileleshwa, aliyoiokota kwa watoto wa huku na kwa baba yake mwenyewe, "Baba atarudi."

Mwalimu alipiga magoti kwenye vumbi. Nilidhani ameanguka. Alitoa mfukoni kipande cha karatasi nyembamba, akakishika mbele ya midomo ya mwanangu.

"Papa," akamwambia. Ilimtoka nzito, ya kijijini, na karatasi ikaruka. "Sema papa, mjukuu wangu. Pa-pa. Ipepee. Nataka kuiona ikipepea."

"Baba," akasema Nekesa, na karatasi ikatulia.

"La. Tena. Papa."

"Baba."